Karani wa Maneno Magumu

Ukimpelekea neno, Karani hakujibu papo hapo. Kwanza aliilaza karatasi yako juu ya goti, akalitazama neno, kisha vidole vyake vikaanza kugusagusa kanga, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayebonyeza vitu tusivyoviona. Alikuwa analipiga chapa. Miaka yake ya kazi alipiga chapa barua za mabwana shamba na maofisa wengine pale Nachingwea mjini, barua za Kiingereza kitupu, na alipostaafu mashine ilibaki ofisini, vidole akaondoka navyo. Vikifika mwisho wa neno bila kusita, alikupa maana. Vikikwama katikati, alikurudishia karatasi yako. "Hili umelinakili vibaya. Rudi kaliangalie."

Jina lake analo, ila sijamsikia mtu akilitumia. Karani ndilo watu walilompa na ndilo aliloitikia. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kwetu Naipingo, tunahesabiana udugu, kwa hiyo yeye kwangu ni shemeji na mimi kwake ni shemeji. Hiyo ilinipa mimi ruhusa ya kumtania na yeye ruhusa ya kunitukana, na ya kwake aliitumia zaidi.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nyani walikuwa wanamaliza mihogo, mzee akasema nyumba hii ina watoto watano na nyani ni arobaini, mmoja wenu atoke shule. Nikatoka mimi. Silalamiki, na nyani wenyewe siku hizi wamepungua, sijui wamehamia wapi. Ila herufi naweza kuzinakili. Nipe neno lolote nitalichora lilivyo, kama fundi anayechora ua kwenye mlango, hajui ua lenyewe linanukiaje. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Baraza la Karani lilikuwa nyuma ya soko la Nachingwea, lina ubao mmoja mrefu wa kukalia, na baada ya alasiri ulikuwa haukosi watu. Walitoka Mkotokuyana, walitoka kwetu, na siku ya gulio walitoka hata Ruangwa. Walikuja na maboksi ya dawa za mikorosho, vyeti vya hospitali, madaftari ya sayansi ya watoto. Wengine walikuja na neno walilolisikia redioni, wamelishika mdomoni njia nzima wasilimwage, na wakifika wanalitamka mpaka huwezi kulitambua. Ukimletea muhogo alipokea. Usipoleta kitu hakuuliza.

Namna yake ya kufafanua mambo ilikuwa yake peke yake. Siku moja alikuja binti wa kidato cha tatu na neno la kemia, "catalyst". Vidole vikacheza, Karani akamuuliza, "Kwenu dada yako aliposwa na nani?"

"Kuna mzee alikuja."

"Huyo mzee ndiye aliyemuoa?"

"Hapana, alikuwa mshenga."

"Alipomaliza akaenda wapi?"

"Akarudi kwake."

"Amebadilika chochote?"

"Yuko vilevile."

"Basi ndiyo 'catalyst'. Anawakutanisha wawili, wanakuwa kitu kingine, yeye anarudi nyumbani kama alivyokuja. Andika."

Pale ubaoni alikuwepo mzee mmoja aliyepata kuwa mshenga mara nyingi kuliko alivyopata kula wali. Akasema, "Hiyo si kweli, Karani. Mimi kila posa narudi na viatu vimetoboka."

"Sasa wewe ni wa bei rahisi," akamjibu. "Wa maabara havai viatu."

Mkulima mwingine alileta kikaratasi cha mabwana shamba kuhusu ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka mikorosho unga mweupe. Kilisema vijidudu vyake hukaa "dormant". Karani akamuuliza kama anachimba ming'oko, vile viazi vya porini. Nani huku kwetu hachimbi ming'oko? "Basi kiangazi," akasema, "ukipita porini juu unaona nini? Kijiti kimekauka, majani yamepukutika, unasema hapa pamekufa. Chimba sasa. Ndivyo walivyo. Hawajafa, wamelala, na wanakusubiri."

Na mama mmoja wa cheti cha hospitali, amekaa ubaoni, cheti amekishika kwa mikono miwili. Neno lilikuwa "benign", linahusu uvimbe alionao shingoni. Karani alilipiga chapa haraka siku hiyo, hakumchelewesha. "Hauna ubaya. Hausambai. Uvimbe mpole."

"Kwa hiyo ni uvimbe mwema?"

"Si mwema. Ni mpole. Mwema angekusaidia kuteka maji."

Yule mama alicheka huku analia, na Karani akaondoka akaingia ndani, kwa sababu alikuwa hapendi kuona mtu akilia. Hata kusifiwa alikuwa hapendi. Ukimwambia "Karani, wewe ni kamusi," alikuuliza kama umewahi kuona kamusi ikidaiwa kupika ugali.

Kuna kijana wa kidato cha nne aliyekuwa akiuza petroli kwenye chupa kando ya barabara. Alikuja kubishana. Kwenye dumu lake paliandikwa "inflammable", na yeye shuleni alifundishwa kwamba ile "in" ya mbele ni ya kukanusha, neno likianza nayo maana yake ni kinyume. Kwa hiyo hiyo petroli, alisema, haishiki moto kirahisi.

"Inashika," akasema Karani.

"Bi Karani, kanuni ni kanuni."

"Kuna maneno yanavaa kanzu ya mwenzake. Ukiliona msikitini usidhani ndiye imamu."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Kwa kuuliza. Au kwa njiti ya kiberiti. Wewe chagua, lakini kama ni kiberiti usifanyie hapa barazani kwangu."

Alichagua kuuliza, na nyusi zake anazo mpaka leo.

Sasa nisiseme yote mazuri, mtadhani namtengenezea sanamu. Karani alijua maana za maneno sijui elfu ngapi, na kusema Kiingereza hakujua kabisa. Alikijua kwa macho na kwa vidole. Mwaka fulani alikuja Mzungu anayeshughulika na ufuta, amesikia habari zake, akataka kumsalimia. Karani alipomwona anashuka kwenye gari alikimbilia jikoni, akajifungia na moshi, mpaka mgeni akachoka kusubiri akaondoka. Alipotoka macho mekundu nikamwuliza, "Shemeji, umemkimbia nani?"

Alisema, "Umesikia alivyotamka 'approximately'? Nimelipiga lile neno maisha yangu yote. Sikujua linasikika hivyo." Jioni nzima vidole vikacheza kwenye kanga. Nadhani alikuwa anayapitia mengine, anajiuliza na yenyewe yanasikikaje.

Alituhimiza tusione aibu kuuliza, na yeye hakumwuliza mtu kitu. Macho yalipoanza kufifia alisema watu siku hizi wanaandika kwa wino mwepesi. Aliogopa pikipiki kuliko nyoka. Alitembea kwa miguu kwenda kila mahali, na ukimpa lifti alikuuliza amekukosea nini.

Na alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka ikatuchosha: lete karatasi nzima. Watu hawakupenda. Cheti cha hospitali kina siri zako, barua ya mahakama ina siri zako, na ubao ule una watu sita. Kwa hiyo watu walikata neno moja wakaleta hilo, limeandikwa kiganjani au kwenye kipande cha pakiti. Yeye akagomba, kisha akachoka, kisha akatoa maana. Alisema neno lililoletwa peke yake ni kama mgonjwa aliyeletwa bila ndugu, hujui umwulize nani ameanza kuumwa lini.

Sasa nije kwenye langu. Nimelizungukia vya kutosha, na kulizunguka nako kunachosha.

Mama yangu alizikwa kwao, upande wa Ruangwa, pembeni mwa shamba la mikorosho alilolirithi kwa mama yake. Alipofariki nililima mimi, kisha magoti yakanishinda nikaliacha. Kibanda kikaanguka, mikorosho ikageuka pori. Ndipo wakaja watu wa kinywe. Kinywe ni yale madini meusi yanayoteleza mkononi, ndiyo yaliyomo kwenye penseli. Wenye mashamba tuliitwa Ruangwa, kila mmoja akapewa karatasi zake akazisome nyumbani, arudi baada ya wiki mbili. Nyingi zilikuwa za Kiswahili. Ya mwisho ilikuwa Kiingereza kitupu, na kijana aliyenikabidhi akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu sana, "Na hii, mzee wangu, ni idhini ya kuhamisha mabaki. Hii uisome kwa utulivu."

Ningemwuliza mabaki gani. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanaonijua, na mtu mwenye mvi hataki kuonekana hajui mabaki ni nini. Shambani mabaki ni mabaki. Ni mabua, magogo, nguzo za kibanda.

Hata hivyo moyo haukutulia, nikaenda kwa Karani. Karatasi sikuibeba. Ardhi ya upande wa mama ina wajomba, na wajomba wana watoto, na ubao wa Karani una masikio. Nilikaa nyumbani nikalitafuta lile neno lililoandikwa kwa wino mzito, nikalinakili kwenye kipande cha pakiti ya majani ya chai. Lilikuwa na mwenzake mbele yake, fupi. Nalo lilikuwa kwa wino mzito. Nikaliacha. Kipande kilikuwa kidogo, na mimi nilidhani maneno magumu ni yale marefu.

"Karatasi yenyewe iko wapi?" akauliza Karani.

"Nyumbani."

"Kailete."

"Shemeji, nimetoka Naipingo kwa mguu. Ni neno moja tu."

Akashusha pumzi. Vidole vikacheza, havikukwama, maana kunakili najua. "Ni mabaki," akasema. "Yanayobaki. Lakini yanayobaki ya nini, sijui, hukuniletea."

"Ya shambani," nikasema.

"Basi ni mabaki ya shambani."

Nikarudi Ruangwa nikatia sahihi. Yule kijana akaniuliza, "Mzee, siku ya kuhamisha mtakuja wenyewe, wewe na ndugu?"

Nikamwambia, "Nije kufanya nini? Chukueni tu. Mimi sina haja nayo tena."

Alinitazama. Akafungua mdomo, akaufunga, akaandika. Nilidhani anastaajabia ukarimu wangu. Nilikuwa nawaza zile nguzo, nusu yake zimeliwa na mchwa.

Kabla ya Ramadhani iliyofuata nilikwenda kuzuru kaburi, nikakuta pamesawazishwa. Mlinzi akanielekeza kwenye makaburi mapya, mbali kidogo. Sina wa kumlaumu. Mambo yalifanywa kwa heshima, sheikh wa pale alikuwepo, palikuwa na sanda mpya, palikuwa na dua. Watoto wa marehemu wengine walisimama pale kila mmoja kwa mzee wake. Wa mama yangu hakusimama hata mmoja. Na ofisini pale wapo waliomsikia mwanawe, kwa mdomo wake, akisema hana haja naye tena.

Habari kama hizo hazihitaji basi. Zilifika Nachingwea kabla yangu. Siku ya tatu, asubuhi, nasikia pikipiki uani kwangu, natoka, namwona Karani anashuka, amejifunga kanga kichwani. Yule mwanamke aliyeogopa pikipiki kuliko nyoka. Alikataa kiti. Alikaa chini kwenye mkeka.

"Nimesikia," akasema. "Mimi ndiye niliyekwambia mabaki ya shambani. Miaka yote nawaambia watu sitoi maana bila karatasi, kwako nikatoa kwa sababu wewe ni shemeji na ulikuwa umechoka. Nimekupotezea mama yako mara ya pili. Naomba unisamehe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lile neno fupi lilikuwa limekaa kooni, nalijua umbo lake herufi kwa herufi. Lakini mtu akija kwako na mzigo wako kichwani kwake, na wewe umelemewa, unaona ni nafuu. Nikamwambia, "Nimekusamehe, shemeji. Ni kudura ya Mungu."

Nikamsamehe. Mimi.

Alirudi kwa miguu. Na tangu siku hiyo barazani hakukaa tena. Ubao akauingiza ndani. Aliyemfuata na neno alimwambia, "Mimi sijui Kiingereza, nilikuwa napiga chapa tu." Watu wakazoea. Siku hizi wanatumia simu, na simu inatoa maana papo hapo, haina vidole vya kukwama, haikwambii umenakili vibaya. Kila nilipopita nyuma ya soko nikaona baraza limefagiwa na halina mtu, nilibadilisha njia. Kisha nikaanza kubadilisha njia kabla sijafika. Mwisho nikawa siendi Nachingwea kabisa, nasingizia magoti. Nimeishi hivyo miaka, na kuficha kitu, wanangu, ni kazi isiyo na Jumapili.

Mwezi uliopita nikachoka. Sisemi niliongoka. Nilichoka tu.

Nilimkuta uani anachambua choroko kwenye ungo, ameziinamia karibu azinuse, macho yamekaribia kwisha. Alinitambua kwa kikohozi.

"Shemeji. Umekuja kuzika au kuoa?"

"Nimekuja kusema. Lile neno halikuwa peke yake."

"Neno lipi?"

"La mabaki. Lilikuwa na mwenzake mbele. Fupi. Mimi nililiacha."

Mikono ikasimama kwenye choroko. Akainuka, akaleta kalamu na daftari la zamani, akaniwekea mbele. "Liandike."

Nikalichora. Herufi tano, sijawahi kuzisahau. Alisogeza daftari mpaka likagusa pua yake, kisha mkono wake wa kulia ukashuka gotini. Vidole vimepinda siku hizi, vinakwenda polepole. Vilifika mwisho.

"Ya binadamu," akasema. "'Human remains'. Mabaki ya binadamu."

"Ndiyo nililoacha."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa fupi."

"Na nilipokuja kwako na pikipiki, ulikuwa unajua?"

"Maana yake sikuijua. Kwamba lipo, nilijua."

"Ukanisamehe."

"Nikakusamehe."

Aliufunika ule ungo kwa kanga, taratibu, kama anayefunika mtoto. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima. Badala yake akauliza, "Kwa hiyo nilisema sawa?"

"Ulisema sawa."

"Neno nililoletewa, nilisema sawa."

"Ulisema sawa, Karani. Halikukosewa."

Akageuzia uso ukutani. Nilimwomba msamaha, nikamwomba kwa Mungu na kwa marehemu mumewe. Akasema bila kugeuka, "Leo sina nguvu ya kukusamehe wala ya kukufukuza. Nenda. Rudi Ijumaa."

Ijumaa baada ya sala nikaenda. Ubao ulikuwa umetolewa nje. Watu wawili walikuwa wamekaa, mmoja na boksi la dawa, mwingine na cheti, nikakaa wa tatu. Hakunisalimia. Alimsomea yule wa boksi, akamsomea yule wa cheti, kila mmoja akamlazimisha kutoa karatasi nzima, tena akagomba, tena wakacheka. Wakaondoka tukabaki wawili.

"Wewe je," akasema, "una neno?"

"Sina neno, shemeji."

"Mimi ninalo. Ni la ule msamaha ulioniomba."

Akasogea, akanipa nafasi karibu yake, nikakaa kulisikiliza.